Uzi: Filamu mpya za kiangazi 2023, zisikilizwe kwanza ndipo zihukumiwe

Yaya_Montaji (mwenye uzi)

Mwapoleni wote. Tufungue uzi wa filamu za kiangazi 2023, Mei hadi Septemba, pamoja na ile ya mtoto wa hapa iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei. Kule Ulaya na Marekani wanauita msimu wa joto. Hapa Lubumbashi mwezi wa Juni watu wanavaa makoti usiku na hakuna tone linalopiga mabati. Kwa hiyo atakayesema "sikusikia maneno" asisingizie mvua. Aseme kosa liko kwenye filamu, kwenye faili au kwenye bafle (spika) za ukumbi. Ni makosa matatu tofauti. Yakichanganywa, filamu nzuri inapewa jina baya na filamu mbovu inasamehewa.

Naanza na Oppenheimer, ile ya mwanasayansi wa bomu la atomu (21 Julai, dakika 180). Picha ya Hoyte van Hoytema haina ubishi, na ile ya nyeusi na nyeupe ilibidi Kodak waitengenezee filamu yake maalumu kwa kamera za IMAX. Ugomvi wangu ni maneno. Christopher Nolan hapendi kuwarudisha waigizaji studio kurekodi sentensi upya, anabaki na sauti ya siku ya kupiga picha, hata kama kamera ilikuwa inanguruma kama cherehani. Juu yake anaweka muziki wa Ludwig Göransson ambao haupumziki. Maneno yanakaa chini ya violini kama mtu anayeongea huku mashine ya unga inasaga. Machi 2024 filamu ilibeba Oscar 7: filamu bora, mwongozaji, picha, uhariri, muziki na za waigizaji wawili. Ya sauti ikaenda kwa The Zone of Interest. Wenye masikio walisikia.

Barbie ilitoka siku ile ile, dakika 114. Ukiangalia kazi ya mikono unanyamaza: nyumba zimejengwa kweli ndani ya studio, zikapunguzwa kwa asilimia 23 ili mwigizaji aonekane mkubwa kuliko nyumba yake, kama mwanasesere anavyobanana ndani ya nyumba ya plastiki. Mbingu na milima ya nyuma imechorwa kwa brashi. Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Filamu inaacha kuonyesha, inaanza kueleza, na kila mtu anapata hotuba yake.

Indiana Jones and the Dial of Destiny (30 Juni, dakika 154): dakika 25 hivi za mwanzo ziko mwaka 1944, na kompyuta imemrudisha Harrison Ford ujanani. Uso umekubali, koo limekataa. Ford alizaliwa 1942, na sauti inayotoka kwenye ule uso laini ni ya mzee, pumzi fupi, koo lina mchanga. Ukifumba macho unaona kosa, ukifumbua unalisahau.

Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One (12 Julai, dakika 163): treni ni ya kweli, iliundwa ili ivunjwe, ikaangushwa kwenye machimbo ya mawe Derbyshire, Uingereza. Mruko wa pikipiki kule Norway ni wa kweli. Halafu watu wanne wanakaa chumbani kupokezana sentensi moja kutuambia adui ni nani. Adui ni programu ya kompyuta, haina uso wala mkono, kwa hiyo kila mtu lazima amsimulie. Dakika 163, na bado ni nusu ya hadithi.

The Flash naipita. Dakika 144, na wale watoto wachanga wanaoanguka kutoka hospitalini wana sura za sabuni.

Spider-Man: Across the Spider-Verse (2 Juni, dakika 140) nawaachia wenye macho.

Fundi_Bafle

Yaya, kuhusu Oppenheimer nakubali nusu. Nusu nyingine ni kosa la waya zetu, ngoja nieleze.

Faili nyingi za filamu hizi zina kanali 6 za sauti: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma na moja ya besi. Maneno karibu yote yako kwenye kanali ya katikati. Sasa ukumbi una anpli (kikuza sauti) ya kanali 2 na bafle 2. Kama kicheza-filamu kinatoa kanali 6 bila kuzikunja, anpli inapokea kushoto na kulia peke yake, na ile ya katikati inapotea njiani. Unasikia ngurumo, unasikia violini, midomo inacheza na hakuna neno. Mtu anasema "Nolan amekosea". Nolan hakuwepo.

Kukunja vizuri ni hivi: kanali ya katikati inagawanywa kushoto na kulia, kila upande inaingia kwa 0.707 ya nguvu yake (yaani inashuka desibeli, dB, 3), za nyuma vivyo hivyo kila moja upande wake, na ile ya besi kwa kawaida inaachwa nje. Kwenye VLC nenda menyu ya sauti, weka stereo, halafu zima ile inayopeleka sauti ghafi kwenye HDMI. Kwenye dekoda na televisheni tafuta mpangilio wa sauti, ondoa "bitstream", weka "PCM". Jaribu kwa sentensi moja ya mtu anayeongea peke yake bila muziki. Ikitoka wazi, waya ziko sawa, na sasa unaweza kumlaumu mwongozaji kwa haki.

La pili: tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Imepimwa kwa ukumbi wa kimya wenye viti vya sponji. Kwenye chumba cha mabati chenye watu 60 na muuza karanga, mnong'ono unazama. Tumia kibana-sauti cha VLC: kizingiti dB −20, uwiano 4 kwa 1, kisha rudisha dB 6 mwishoni. Usizidishe, ukifika 10 kwa 1 hata mguu unaokanyaga majani utapiga sawa na bunduki.

La tatu: chumba chenyewe. Bafle zikiwekwa chini kwenye kona, besi inavimba na maneno yanapata matope. Zipande hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, mita 1.1 hivi, na zitoke ukutani angalau nusu mita. Ukuta wa nyuma utundikie blanketi nzito, liache nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani. Likigusana na ukuta halisaidii sana. Kwenye anpli shusha eneo la Hz 250 kwa dB 3, pandisha eneo la Hz 3000 kwa dB 2 au 3. Hapo ndipo herufi kama t na k zinapoishi.

Ukishafanya yote hayo na bado Robert Downey Jr. anasikika na Cillian Murphy, anayecheza Oppenheimer, hasikiki, basi njo filamu yenyewe.

katuba_usiku

Juu ya nini mnajitesa? Weka VF, ile yenye sauti za Kifaransa. Maneno yote yanasikika.

Yaya_Montaji

Mdogo wangu, umegusa jambo kubwa bila kujua. VF ya Oppenheimer inasikika vizuri kwa sababu waigizaji wa Kifaransa wamerekodiwa kwenye chumba kimya, mdomo karibu na maikrofoni, kisha wakawekwa juu ya muziki na makelele yale yale. Yaani ile kazi aliyoikwepa mwongozaji, watafsiri waliifanya. Unapata maneno.

Unapoteza nini? Murphy anaongea akiwa ameishikilia pumzi, sentensi inaishia kooni. Ndiyo tabia ya yule mtu, anasema nusu na nusu anaificha. Sauti ya studio inamaliza kila sentensi hadi nukta. Anageuka mhadhiri. Kwa Mission: Impossible haidhuru, weka VF na ule karanga zako.

Dada_Sutitre

Yaya na kaka Fundi, mmesahau njia ya tatu, sauti ya asili na maandishi ya chini. Hapo nako kuna kuharibu kwingi.

Kosa linaloonekana zaidi: maandishi yanaanza sawa, baada ya dakika moja mbili yanatangulia midomo. Watu wanabonyeza G na H kwenye VLC (kila mbonyezo ni milisekunde 50, H inachelewesha, G inawahisha), yanakaa sawa kidogo tu, yanakimbia tena. Sababu ni kwamba maandishi yalipangwa kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya fremu 23.976. Kila dakika 60 yanatangulia kwa takriban dakika 2 na sekunde 27. Kwenye Oppenheimer hadi mwisho ni zaidi ya dakika 7, mtu anajibu swali ambalo halijaulizwa. G na H haziponyi ugonjwa huo. Fungua faili kwenye Subtitle Edit, badilisha kiwango cha fremu kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi. Kama kuchelewa ni kule kule mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo G na H zinatosha.

La pili: ukiona "Ã©" mahali pa "é", faili imeandikwa kwa UTF-8 na kichezaji kinaisoma kama Windows-1252. Badilisha usomaji, usianze kufuta herufi moja moja.

Sasa hukumu. Barbie ndiyo iliyoumia zaidi msimu ule kwa upande wa maandishi. Mistari miwili ya herufi 42 ni herufi 84. Msomaji wa kawaida anahitaji karibu sekunde moja kwa kila herufi 17, kwa hiyo mistari miwili iliyojaa inataka sekunde 5. Waigizaji wa Barbie wanaongea kama watu wanaokimbilia basi. Hotuba ya America Ferrera kuhusu mwanamke kutakiwa awe hivi na vile papo hapo ni orodha ya mikinzano, na nguvu yake ni wingi. Mtafsiri analazimika kukata. Akikata tatu kati ya kumi, mtazamaji anaona mama anayelalamika. Zikibaki zote, hakuna anayewahi kusoma. Kwa hiyo anayesema hotuba ile ni nyepesi, nauliza kwanza aliisoma au aliisikia.

Ila nakubaliana na Yaya kwamba filamu inayotegemea hotuba imejiwekea mtego yenyewe. Ken anapoimba hatuhitaji maandishi, tunaelewa yote kwa mabega yake.

Mtoto_wa_Likasi

Mnabishana kuhusu dB za Oppenheimer na hakuna aliyetaja mgodi wa urani wa Shinkolobwe? Ni kwetu hapo, upande wa Likasi, kilomita 120 na kidogo kutoka Lubumbashi.

Kuna kitu filamu inakifanya kwa ustadi: bakuli la kioo pale Los Alamos, kambi ya kutengenezea bomu, na gololi zinazotumbukizwa humo kidogo kidogo kuonyesha madini yaliyokwisha kupatikana. Kla, kla, kla. Ni wazo zuri la picha, linakupa kalenda bila kuandika tarehe. Lakini hakuna anayeuliza gololi zinatoka wapi. Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga alikuwa amekwisha kupeleka tani kama 1,200 za mawe ya Shinkolobwe hadi Staten Island, New York, mwaka 1940, zikakaa ghalani. Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kuzinunua, mzigo ulikuwa tayari bandarini kwao. Sehemu kubwa ya urani ya mradi mzima ilitoka kwenye shimo lile. Dakika 180, na hata sekunde 20 za gunia moja hazikupatikana.

Atomu_Kampemba

Ndugu yangu, sehemu moja urekebishe kabla hawajakurukia. Bomu linalolipuka kwenye filamu, la Trinity tarehe 16 Julai 1945, lilikuwa la plutoni. La urani ni lile la Hiroshima, kilo 64 za urani iliyorutubishwa, na filamu haionyeshi likilipuka.

Mtoto_wa_Likasi

Najua. Plutoni inapikwa kutokana na urani ndani ya tanuri la nyuklia la Hanford, Marekani, haichimbwi. Magunia yale yale.

Atomu_Kampemba

Hapo sawa. Na upande wa filamu, utetezi wake ni kwamba imejifungia ndani ya kichwa cha mtu mmoja: matukio ya rangi ni ya Oppenheimer, nyeusi na nyeupe ni ya Strauss, hasimu wake. Oppenheimer haoni mgodi, basi kamera haioni mgodi. Sheria hiyo inaeleza kwa nini Japani nayo haionyeshwi. Inaeleza, haiondoi deni. Mwandishi aliyeipata ile gololi angeweza kuipa jina ikianguka.

Kamera_kando_ya_terili

Zamu ya macho. Makosa matatu ya televisheni yanayofanya watu waandike hukumu za uongo:

Spider-Verse. Mtu ameandika kwingine kwamba "mchoro unakwama-kwama". Unakwama kwa makusudi! Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, lakini Hobie, yule wa gitaa, mwili wake unabadilika kila fremu ya tatu, yaani mara 8 kwa sekunde, na koti lake kila fremu ya nne, mara 6. Ndiyo maana anaonekana kama gazeti lililochanwa na kubandikwa upya kila anapogeuka. Televisheni ikiwashwa ule ulainishaji wa mwendo (Samsung iliuita Auto Motion Plus na sasa Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow), inabuni fremu za katikati ambazo mchoraji hakuzichora. Koti linayeyuka, Hobie anakuwa katuni ya matangazo ya maziwa. Zima kabisa, usiweke hata "kidogo". Lakini kuhusu sauti, walalamikaji walikuwa na haki: maneno ya mwanzo, Gwen akiwa kwenye ngoma, yalikuwa chini hata kwenye sinema kubwa, na toleo jingine lenye sauti iliyorekebishwa likapelekwa. Kwa hiyo nakala mbili za filamu hiyo zinaweza kutofautiana bila wewe kukosea kitu.

Mami Wata ya C.J. Obasi, nyeusi na nyeupe, imepigwa Benin, picha ya Lílis Soares iliyopata tuzo kwenye tamasha la Sundance mapema 2023. Nimeona imeitwa "giza tupu". Angalia HDMI. Kichezaji kikitoa nyeusi kamili ya 0 hadi 255 na televisheni inasubiri 16 hadi 235, kila kilicho chini ya 16 kinamezwa. Filamu hii inaishi hapo chini: ngozi nyeusi, usiku mweusi, maji meusi, na juu yake rangi nyeupe iliyochorwa usoni na simbi kwenye nywele. Kipimo ni rahisi, simamisha picha kwenye uso wa mtu usiku. Ukitofautisha msuko na anga, umepatia. Ukiona vidoti vyeupe vinaelea peke yake, rudi kwenye mpangilio. Ikiwa kinyume, nyeusi imegeuka kijivu cha majivu, nayo ni hitilafu ile ile iliyogeuzwa. Hukumu yangu: ni filamu nzuri kuliko zote za msimu ule kwa mwanga, na hadithi yake ni nyembamba. Mgeni anaingia kijijini, unajua atafanya nini kabla hajakauka maji.

Mwisho, Oppenheimer ya nyumbani inabadilika umbo: kuna matukio ya 2.20 kwa 1 yenye mistari myeusi juu na chini, na mengine ya 1.78 yanayojaza kioo. Watu wa ukumbi wakiona mistari wanabonyeza "zoom". Tukio likijaa tena, vichwa vinakatwa na maandishi ya chini yanatumbukia nje ya kioo. Acha mistari, haili umeme.

Dada_Sutitre

Sasa tuje nyumbani. Augure ya Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978. Cannes ilimpa tuzo iitwayo Sauti Mpya (New Voice) katika kundi la Un Certain Regard, na Ubelgiji ikaichagua kwenda kuwania Oscar. Koffi (Marc Zinga) anarudi na mchumba wake Mzungu, Alice (Lucie Debay), kuleta mahari. Alizaliwa na alama mwilini, wakamwita zabolo. Damu ya pua inamdondokea mtoto mchanga, na sherehe imekwisha.

Filamu inachanganya Kifaransa, Kiswahili na Lingala. Mtu wa hapa anasikia mpaka ulipo: shangazi akitoka kwenye Kifaransa kuingia Kiswahili, mlango umefungwa usoni pa mgeni. Kwenye maandishi ya chini lugha zote tatu zina herufi zile zile nyeupe. Kinga yake si ngumu, lugha moja wima na nyingine mlazo, ili hata mtu asiyejua lugha aone mlango ukifungwa. Wachache wanajisumbua.

Na kuna neno lenyewe. Kwetu zabolo ni shetani, mlozi ni anayeroga, mfumu ni anayeagua. Mtafsiri akiandika "sorcier" (mchawi) kwa yote matatu, ameua filamu, kwa sababu hadithi nzima ni watu wanne waliobandikwa jina moja wakati kila mmoja ana jambo lake. Tena mwongozaji mwenyewe anaitwa Baloji, yaani walozi! Mtu wa Katanga haulizi maana yake.

katuba_usiku

Mimi niliona haina mwisho. Watu wanne, hakuna hata mmoja aliyemaliza.

Yaya_Montaji

Dada, naipenda, lakini katuba ana haki kwa hesabu. Dakika 90 hivi, Koffi, Paco, Tshala, Mama Mujila. Wagawe sawa, kila mmoja dakika 22. Koffi amepewa zaidi, kwa hiyo Tshala (Eliane Umuhire) amebaki na mabaki, na yeye ndiye mwenye ugomvi mpya kuliko wote: dada aliyebaki nyumbani na kukataa kuishi walivyomchagulia. Kila anapofungua mdomo, filamu inahamia kwa mwingine. Kwa meza ya uhariri ningepunguza mapambano ya vijana wa Paco kwa dakika nne au tano nimpe yeye.

Ila ile rangi! Vijana wa Paco wanavaa magauni ya waridi kwa msiba wa dada yake. Msimu mmoja, waridi mbili. Ya Barbie imepakwa ukutani hadi macho yanachoka dakika ya 20. Ya Paco ina vumbi la barabara juu yake, imechanika pindoni, na kila unapoiona unakumbuka kuna mtu amekufa.

Dada_Sutitre

Mapambano usiyaguse, Yaya. Bila yale, Paco ni mtoto wa mitaani wa kuonewa huruma, na sinema za namna hiyo zimetosha. Kata upande wa Koffi na Alice kwenye gari.

Mama_Rekodi

Wanangu, mnaisahau Goodbye Julia ya Mohamed Kordofani wa Sudan, iliyopata tuzo ya uhuru kundi lile lile la Cannes. Khartoum kabla ya nchi kugawanyika 2011. Mwanamke wa kaskazini anamwajiri mjane wa mtu wa kusini ambaye yeye mwenyewe ana mkono katika kifo chake, na hamwambii. Uongo mmoja unabeba saa mbili, hakuna mlipuko, hakuna mtu anayeeleza kitu. Na sauti? Watu wawili jikoni. Hata kwenye simu utasikia kila neno.

Fundi_Bafle

Shikamoo Mama. Hiyo ni kweli, haihitaji kibana-sauti.

Betri_100Ah

Nataka kuongeza jambo linaloamua hukumu nyingi mjini na halisemwi: urefu. Zijumlisheni zile sita kubwa za Yaya, 180 na 114 na 154 na 163 na 144 na 140, ni dakika 895, saa 15 kasoro dakika 5. Umeme ukikatika, betri ya V 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini betri ya risasi na asidi usiinywe zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Televisheni W 90 na anpli W 60 ni 150; inveta inapoteza, hesabu 176. Unapata saa 3 na dakika 24, Oppenheimer inaingia na majina ya mwisho. Ukitumia projekta ya W 250 pamoja na anpli, ni W 365 kutoka kwenye betri. Saa 1 na dakika 38, kwisha.

Bomu la Trinity liko kati ya dakika ya 110 na 120. Wenye projekta wengi wanaandika "filamu ya bomu isiyo na bomu".

Augure inaingia yote, na dakika chache za kurudisha viti.

katuba_usiku

😂😂 Sasa nimeelewa. Na wale ambao bomu lao lilitoka bila sauti? Ukumbi mzima walisema anpli imekufa.

Fundi_Bafle

Hiyo haikufa, mdogo wangu. Ndivyo ilivyotengenezwa. Mwanga unakuja kwanza, sauti inafuata, kama radi ya mbali. Banda la uongozi alimokuwa Oppenheimer lilikuwa yadi 10,000 kutoka kwenye mnara, kilomita 9 na kidogo. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 27. Filamu imeivuta zaidi ya dakika moja, unasikia pumzi za watu kuliko kitu kingine. Hiyo ndiyo sehemu ya filamu ambayo muziki ulikubali kunyamaza, na ndiyo bora kuliko zote.

Hasara inaanzia kwa mwendesha mitambo. Anaona moto mkubwa bila sauti, anadhani waya umechomoka. Anatikisa jeki, anapandisha sauti hadi mwisho. Kisha mlipuko unafika, kibana-sauti kimezimwa, na koni za bafle zinapasuka pembeni, pale mpira unapoungana na karatasi. Bafle ya inchi 12 iliyopasuka hivyo inakoroma kwenye kila besi hadi ubadilishe koni.

katuba_usiku

Kwa hiyo nifanye nini pale?

Fundi_Bafle

Kabla ya filamu, pima sauti kwenye tukio la kelele la mwanzo, weka alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha anpli. Ikifika dakika ya 108, toa mkono. Ukumbi wakipiga makelele, waache wapige.